Foleni imefika jumbe 5,000 na mzee anastaafu: nianzie wapi kujifunza MQ?

*“Shikamoo mtaalamu. Nafanya kazi kitengo cha TEHAMA kwenye benki ndogo. Nilikuwa dawati la msaada, sasa nimehamishiwa kitengo cha kuunganisha mifumo. Anayeijua IBM MQ hapa ni mzee mmoja tu, naye anastaafu Desemba. Nimeambiwa nijifunze. Wiki mbili zilizopita, usiku, foleni moja ilifika jumbe 5,000 na malipo yakaanza kukataliwa. Mwenzangu akaniambia niisafishe tu foleni, kazi iendelee. Niliogopa, nikampigia mzee. Alikuja, akawasha programu fulani, foleni ikashuka yenyewe. Mpaka leo sijaelewa kilichotokea. Nikifungua nyaraka napotea kwenye istilahi. Kwani hii si kanzidata tu? Mbona tusitumie jedwali la kawaida? Kila nikijaribu kuunganisha kutoka kompyuta yangu napata kosa 2035. Rafiki yangu anasema MQ ni ya kizamani, nisome Kafka. Na mimi si mwanaprogramu. Nianzie wapi?”*

Marahaba. Kabla ya yote, woga wako usiku ule ndio uliookoa pesa za watu. Amri ya kusafisha foleni, CLEAR QLOCAL, haisukumi jumbe mbele wala haiziweki pembeni. Inazifuta. Kama yale yalikuwa maagizo 5,000 ya malipo, yangetoweka yote, na asubuhi mngekuwa mnapekua ripoti za matawi kutafuta nani alimlipa nani. Niliwahi kushuhudia jambo hilo kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja. Amri ilichukua sekunde moja, na kazi ya kurudisha hesabu kwenye mstari ilichukua wiki tatu, watu wazima wakilinganisha karatasi kwa karatasi.

Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja. Maswali ni mengi, lakini wasiwasi ni mmoja: unakabidhiwa kitu kinachobeba fedha, hukielewi, na anayekielewa anaondoka. Huo ni wasiwasi halali kabisa. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu msingi wa MQ, yaani programu ya IBM ya kupitisha jumbe kati ya mifumo, ukishaingia kichwani, istilahi zote zinazokupoteza zinapata pa kukaa.

Nenda stendi ya Magufuli pale Mbezi, kwenye ofisi za vifurushi za mabasi ya mikoani. Mama ana kifurushi cha mwanawe aliyeko Mwanza. Hapandi basi. Anakikabidhi, karani anakiandika kwenye daftari, anampa risiti, mama anarudi sokoni kuendelea na biashara yake. Mwanawe anaweza kuwa kazini, amelala, au simu imezimika. Haidhuru. Mzigo utafika na utamsubiri. Sasa linganisha na kupiga simu: usipopokelewa, hakuna kilichofanyika. Mifumo mingi ya benki huongea kwa mtindo wa simu. Mfumo wa tawi unauita mfumo mkuu, na mfumo mkuu ukiwa umelala, muamala unafia pale pale mbele ya mteja. MQ ni ofisi ya vifurushi. Anayetuma anakabidhi na kuondoka, anayepokea anachukua akiwa tayari.

Kutokana na mfano huo nataka ushike swali moja, na uliulize kila unapokwama: ujumbe huu, sasa hivi, ni amana ya nani? Kila amri, kila kosa na kila istilahi ya MQ inahusu makabidhiano ya amana hiyo. Kuna mtu aliyeishika, kuna wakati anaiachia, na kuna uthibitisho kwamba mwingine ameipokea.

Tuzipange istilahi sasa. Ile ofisi ya vifurushi ndiyo msimamizi wa foleni, ambaye kwenye nyaraka ana jina kama QM1. Ni programu inayokaa kwenye seva na kuzishika foleni zote. Foleni yenyewe ni rafu. Chaneli ni basi linalokwenda kwenye ofisi ya mji mwingine, yaani kwa msimamizi mwingine wa foleni kwenye seva nyingine. Kuna foleni ya kusafirishia: hii ni rafu ya mizigo iliyokwisha kuandikwa na inayosubiri basi. Kuna kitu kinachoitwa QREMOTE, na hiki huwachanganya wengi kwa sababu kinaonekana kama foleni. Hakina rafu. Ni kibandiko cha anwani tu, kinachosema “mzigo ulioandikwa jina hili, upeleke ofisi ya Mwanza, rafu fulani.” Ukijaribu kusoma ujumbe kutoka humo utakataliwa, kwa kuwa hakuna kitu ndani. Halafu kuna chumba cha mizigo iliyofika ikakosa mwenyewe: anwani imekosewa, au rafu ya huko imejaa. Hicho kwenye MQ kinaitwa DEAD LETTER QUEUE, na kila msimamizi wa foleni anatakiwa awe nacho. Mtu asipokipita kila siku, ni mahali ambapo pesa za watu zinalala kimya.

Kuna mahali ambapo mfano wangu wa basi haufai, na hapo ndipo MQ inapolipia gharama yake. Basi likiondoka Mbezi, mzigo haupo tena Mbezi. Likipinduka Dodoma, mzigo umekwenda. Chaneli ya MQ haifanyi hivyo. Ofisi ya kwanza inapeleka ujumbe wa kudumu (aina hii nitaieleza hapo chini) lakini haiufuti kwake mpaka ofisi ya pili iseme “nimeuandika kwenye diski yangu.” Mtandao ukikatika katikati ya maneno hayo, upande wa kwanza unabaki na shaka: je, wenzangu waliandika au hawakuandika? Chaneli inaingia hali inayoitwa INDOUBT, na mtandao ukirudi pande mbili hulinganisha namba za fungu la mwisho la jumbe na kumaliza shaka zenyewe. Mara nyingi hutagusa kitu. Amana haikuachiwa mpaka ilipopokelewa.

Turudi usiku ule. Namba 5,000 uliyoitaja imenieleza jambo. Foleni mpya ya MQ huja na kikomo cha jumbe 5,000, kinaitwa MAXDEPTH, na hukaa hivyo hivyo mpaka mtu akibadilishe. Kwa hiyo foleni yenu haikuharibika. Ilijaa mpaka ukingoni, na programu zilizojaribu kuongeza ujumbe zikajibiwa kosa 2053, ambalo tafsiri yake ni “rafu imejaa.” Ndiyo maana malipo yalikataliwa. Lakini kwa nini ilijaa? Kwa sababu mizigo ilikuwa inaingia na hakuna aliyekuwa anaitoa. Programu inayosoma foleni ilikuwa imezimika. Mzee aliiwasha, ikaanza kuchukua ujumbe mmoja mmoja, foleni ikashuka. Hakufanya uchawi.

Usiku mwingine unaweza kuligundua hilo mwenyewe kwa amri moja. Ingia kwenye runmqsc, ambalo ni dirisha la kumpa amri msimamizi wa foleni, uandike DISPLAY QLOCAL, jina la foleni kwenye mabano, kisha CURDEPTH IPPROCS OPPROCS. Ya kwanza ni idadi ya jumbe zilizopo sasa. IPPROCS ni idadi ya walioifungua foleni kwa ajili ya kusoma, na OPPROCS ni walioifungua kwa ajili ya kuandika. Ukiona CURDEPTH inapanda na IPPROCS ni sifuri, umepata jibu: msomaji hayupo. Tafuta ni programu gani, iko seva gani, na kwa nini imelala. Kama ni foleni ya kusafirishia ndiyo inayojaa, basi anayetakiwa kuisoma ni chaneli, hivyo angalia DISPLAY CHSTATUS. Hali ya RETRYING inamaanisha basi linajaribu kuondoka na barabara imefungwa: mtandao, seva ya upande wa pili, au cheti cha usalama.

Kuna sura ya pili ya tatizo hilo hilo, na hii ni ngumu zaidi kuitambua. IPPROCS si sifuri, msomaji yupo, lakini foleni haishuki. Huenda kuna ujumbe mmoja wenye kasoro, labda namba ya akaunti ina herufi pasipostahili. Programu inauchukua, inashindwa, inaurudisha. Inauchukua tena, inaurudisha tena, maelfu ya mara, na nyuma yake jumbe nzima zinasubiri. MQ huhesabu kila ujumbe umerudishwa mara ngapi, na foleni ina sehemu mbili za kuweka mpangilio, BOTHRESH na BOQNAME, yaani “ukirudishwa mara kadhaa, uweke kwenye foleni ile pale.” Wengi huziweka wakadhani wamemaliza. Msimamizi wa foleni hauhamishi ujumbe huo kwa hiari yake. Programu inayosoma ndiyo inayotakiwa kuangalia hesabu na kuuhamisha. Zilizoandikwa kwa Java zikitumia maktaba ya JMS ya MQ hufanyiwa kazi hiyo na maktaba, nyingine lazima mwandishi awe ameiandika. Waulize wanaprogramu wenu kuhusu hili wiki hii.

Sasa niguse imani moja ambayo utaisikia sana: “MQ haipotezi ujumbe kamwe.” Sipendi inavyosemwa. Kweli yake ina masharti, na nataka uyaone kwa macho yako badala ya kuniamini mimi. Unahitaji kompyuta yako mwenyewe na Docker, programu inayoendesha programu nyingine ndani ya kisanduku chake, kinachoitwa kontena. IBM wanatoa toleo la bure kwa ajili ya kujifunzia na kutengenezea programu, ambalo haliruhusiwi kwenye kazi halisi. Picha ya kontena inaitwa icr.io/ibm-messaging/mq. Unaiwasha ukikubali leseni kwa LICENSE=accept, unampa msimamizi jina kwa MQ_QMGR_NAME=QM1, na unafungua mlango 1414 wa programu na 9443 wa kuendeshea kwa kivinjari. Ingia ndani ya kontena, fungua runmqsc, andika DEFINE QLOCAL(JARIBIO), kisha toka. Kwenye folda ya /opt/mqm/samp/bin kuna programu ndogo, amqsput. Iite hivi: amqsput JARIBIO QM1. Andika mistari mitatu, kila mstari ni ujumbe mmoja, na mstari mtupu unamaliza. Angalia CURDEPTH: ni 3.

Zima kontena, usiifute, kisha iwashe tena. Angalia CURDEPTH. Ni sifuri. Jumbe zako tatu zimekwenda.

Usishtuke, na usiruke hatua hii, maana hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hunyamaza na kuanza kusikiliza. Jumbe kwenye MQ ni za aina mbili, za kudumu na zisizo za kudumu. Zisizo za kudumu haziandikwi kwenye logi ya diski, kwa hiyo zina kasi, na msimamizi wa foleni akizimwa zinapotea. Foleni mpya, usipoielekeza, inachukulia ujumbe ambao mtumaji hakusema chochote kuwa si wa kudumu. Sasa andika ALTER QLOCAL(JARIBIO) DEFPSIST(YES), tia tena mistari mitatu, zima, washa. Zote tatu zipo. Ulizo la salio ambalo mteja atalirudia akikosa jibu linaweza kuwa lisilo la kudumu bila madhara. Agizo la kulipa halina mjadala, lazima liwe la kudumu. Nenda kazini ukaangalie foleni zenu za malipo zimepangwaje, ukijua kwamba programu inayotuma inaweza kuamua yenyewe bila kujali mpangilio wa foleni.

Sharti la pili ni muda. Mtumaji anaweza kuuwekea ujumbe muda wa kuishi, na muda huo hupimwa kwa sehemu za kumi za sekunde: 300 ni sekunde 30, si dakika tano. Nimekuta programu iliyoandikwa na mtu aliyedhani ni sekunde, jumbe zikawa zinatoweka, na kila mtu anailaumu MQ.

Kuhusu jedwali la kanzidata, rafiki yangu, swali lako si la kijinga, na nitakujibu kwa haki. Kama mfumo mmoja unaandika maagizo 200 kwa siku na mwingine unayasoma, yote ndani ya kanzidata moja, jedwali lenye safu ya “imeshughulikiwa” linatosha, na kuleta MQ hapo ni kununua lori la kubebea kikapu cha nyanya. Shida huanza mambo yanapokua. Programu tano zikianza kugombania safu zile zile, zinafungiana. Kila msomaji inabidi aulize kila sekunde “kuna kipya?”, hata usiku wa manane wakati hakuna. Mfumo wa kampuni nyingine unahitaji ruhusa ya kuingia kwenye kanzidata yako, jambo ambalo mkaguzi hatalikubali. Foleni imeumbwa kwa ajili ya kupitisha. Ujumbe ukichukuliwa, umeondoka. Msomaji anaamshwa ujumbe unapofika, na wasomaji kumi wakikaa kwenye foleni moja kila ujumbe unakwenda kwa mmoja tu. Kinyume chake pia ni kosa: usiifanye foleni kuwa ghala. Nimeona watu wakiacha jumbe miezi kwenye foleni “kwa kumbukumbu.” Kumbukumbu iwekwe kwenye kanzidata.

Lakini kuna jambo moja ambalo si MQ wala jedwali litakulinda nalo bila akili ya mtu, nalo ni malipo kuingia mara mbili. Fuata amana hatua kwa hatua. Programu inauchukua ujumbe usemao “mwekee Asha shilingi 50,000.” Inaandika kwenye kanzidata, salio la Asha linapanda. Kabla haijamwambia msimamizi wa foleni “nimemaliza, futa,” umeme unakatika. Kwa macho ya MQ makabidhiano hayakukamilika, kwa hiyo ujumbe unarudi kwenye foleni, kama inavyostahili. Umeme unarudi, programu inausoma upya, Asha anapata 50,000 nyingine. Hakuna aliyevunjika hapo, kila kifaa kimefanya kazi yake. Dawa ni mbili. Unaweza kuufunga muamala wa foleni na wa kanzidata kuwa kitu kimoja, vikamilike pamoja au virudi pamoja. Huitwa XA, inafanya kazi, ila inaongeza uzito na mambo ya kusimamia. Au kila agizo libebe namba yake ya kipekee, na kabla ya kuweka fedha programu iulize “namba hii nimeshaishughulikia?” Mimi kwa benki ndogo ningeanza na hii ya pili, na ningeitaka hata pale ambapo XA ipo.

Kosa 2035 sasa. Maana yake ni “huna ruhusa,” na linakera kwa kuwa halisemi zaidi ya hapo. Limeachwa hivyo kwa makusudi, mvamizi asisaidiwe kujua amekosea wapi. Sababu halisi imeandikwa upande wa seva, kwenye faili AMQERR01.LOG ndani ya /var/mqm/qmgrs, folda ya jina la msimamizi wenu, kisha errors. Isome wakati huo huo unapojaribu kuunganisha. Nikikisia kutoka mbali, umefanya kimojawapo cha haya mawili: umetumia chaneli ya SYSTEM.DEF.SVRCONN uliyoiona kwenye mfano wa zamani, au unaingia kwa jina lililo kwenye kundi la wasimamizi, mqm. Tangu toleo la 7.1 la mwaka 2011, msimamizi mpya wa foleni huja na kanuni zinazozuia yote mawili, na tangu toleo la 8 la 2014 anaweza pia kudai neno la siri. Utakutana na ushauri wa kuzima kanuni hizo kwa CHLAUTH(DISABLED), na huenda kosa likaondoka kweli. Usifanye hivyo benki. Hiyo ni kung’oa mlango kwa sababu umesahau funguo. Omba chaneli yako, mtumiaji asiye na mamlaka makubwa, na ruhusa za foleni unazozihitaji tu. Kidokezo cha haraka: ukikutana na namba yoyote usiyoijua, andika mqrc na namba hiyo kwenye seva, itakutajia jina lake.

Rafiki yako wa Kafka hajakosea kuipenda. Ni programu nzuri, ilianzia LinkedIn na ikawekwa wazi kwa wote mwaka 2011. Ila ni kitu cha umbo lingine. Kafka ni daftari refu: ujumbe ukisomwa haufutiki, unakaa kwa muda uliopangwa, siku saba usipobadilisha, na kila msomaji anakumbuka mwenyewe amefika ukurasa gani. Inafaa sana pale matukio mengi yanaposomwa na wengi, kwa mfano mfumo wa kunusa udanganyifu na mfumo wa ripoti vikisoma miamala ile ile. MQ ni ya agizo moja, la mtu mmoja, lishughulikiwe na mmoja na liishe. RabbitMQ, ya mwaka 2007, iko karibu zaidi na MQ kwa tabia, na ni ya bure. Kama ungekuwa unaanzisha kampuni leo na huna pesa ya leseni, ningekwambia uanze na RabbitMQ. Lakini wewe unarithi MQ Desemba. Soma iliyoko mbele yako. Mambo ya kudumu na kutodumu, kuthibitisha na kurudisha, ujumbe wenye kasoro, malipo ya mara mbili, yote utayakuta tena huko kwingine kwa majina mengine.

Jambo dogo litakalokupunguzia kuchanganyikiwa: bidhaa hii ilitoka mwaka 1993 ikiitwa MQSeries, mwaka 2002 ikawa WebSphere MQ, na tangu 2014 ni IBM MQ. Mzee wenu akitaja jina lolote kati ya hayo, anazungumzia kitu kile kile, na maelezo mengi ya zamani kuhusu foleni na chaneli bado ni sahihi. Ya usalama ndiyo yaliyopitwa. Na huhitaji kuwa mwanaprogramu. Uendeshaji wa MQ unataka Linux ya kutosha kusoma logi na kuangalia diski, amri za runmqsc kama thelathini hivi, na subira.

Baada ya jaribio la kwanza, fanya la pili: washa makontena mawili, QM1 na QM2, na ujenge chaneli kati yao. Foleni ya kusafirishia na QREMOTE upande mmoja, chaneli ya kutuma upande huo huo, ya kupokea upande wa pili kwa jina lile lile herufi kwa herufi. Herufi kubwa na ndogo ni tofauti kwenye MQ, na hapo utapoteza jioni nzima kama nilivyopoteza mimi. Tuma jumbe, halafu zima QM2 na uendelee kutuma. Tazama foleni ya kusafirishia ikipanda, chaneli ikiwa RETRYING. Washa QM2, tazama ikishuka. Kisha tuma kwenda foleni isiyokuwepo uone zinavyoangukia kwenye chumba cha mizigo isiyo na mwenyewe. Wiki mbili za jioni zinatosha kwa haya yote.

Yako mambo ambayo hutakiwi kuyafanya peke yako mwaka huu. Chaneli ikibaki INDOUBT hata baada ya mtandao kurudi, kuna amri ya RESOLVE CHANNEL inayokutaka uchague COMMIT au BACKOUT. Ukichagua vibaya, fungu zima la jumbe linapotea au linajirudia. Uamuzi hutoka kwenye kulinganisha namba ya fungu lenye shaka kwa mtumaji na ya fungu la mwisho lililokubaliwa kwa mpokeaji: zikifanana ni COMMIT, zikitofautiana ni BACKOUT. Lifanye ukiwa na mtu wa upande wa pili kwenye simu na mwenye uzoefu pembeni yako. Vivyo hivyo diski ya logi ikijaa: usifute faili yoyote kwa mkono, hata kama mkuu wa zamu anakupigia kelele. Na usirudishe folda ya /var/mqm kutoka kwenye nakala ya zamani bila msaada, kwa sababu utafufua jumbe zilizokwisha kulipwa. Kwa hayo, pigia msaada wa IBM au wakala mliyeingia naye mkataba. Mwulize meneja wako leo kama mkataba upo na namba ya kupiga iko wapi, usisubiri usiku wa tukio.

Na mzee. Miezi hii ni ya thamani kuliko kozi yoyote, na kuna mambo aliyonayo kichwani ambayo hayamo kwenye nyaraka za IBM. Omba muda rasmi, saa mbili kwa wiki, uende na daftari. Mwombe akuchoree ramani: wasimamizi wa foleni wangapi, chaneli zipi zinakwenda wapi, na kama mna Alliance Access ya SWIFT, programu ya benki ya kutuma na kupokea jumbe za malipo ya kimataifa, iliyounganishwa kwa MQ, ipo sehemu gani ya ramani. Kwa kila foleni andika nani anaandika, nani anasoma, programu ya kusoma inawashwaje, na ikijaa saa nane za usiku anapigiwa nani. Muulize anafanyaje na jumbe zilizoko DEAD LETTER QUEUE. Muulize vyeti vya usalama vya chaneli vinaisha tarehe gani, uziweke kwenye kalenda yako na ya meneja, kwa kuwa cheti kikiisha chaneli inaweza kukataa kuwaka tena bila onyo. Mwombe mtoe pamoja nakala ya mipangilio yote kwa dmpmqcfg -m na jina la msimamizi, mwishoni -a, mkaihifadhi nje ya seva ile.

Kisha omba akuachie wewe usukani siku moja ya Novemba, kwenye mazingira ya majaribio, azime programu ya kusoma bila kukuambia ni ipi, naye akae kiti cha nyuma na kikombe chake cha chai.